Watoto Wetu Waliorudi Masomoni

Wananchi wenzetu, kila mwaka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hupokea watu wa namna mbili. Wako wageni wajao kutazama wanyama wetu na mlima wetu, nao hupokewa kwa ngoma na mashada ya maua. Na wako watoto wetu wenyewe, waliokwenda China, India, Urusi, Uturuki, Uingereza na Marekani kutafuta elimu, nao wakirudi hupokewa na mama zao tu. Siku tatu kuna pilau na vigelegele. Siku ya nne kila mtu ameshakwenda shambani kwake au dukani kwake, na kijana amebaki barazani na sanduku lake, hajui aanzie wapi.

Gazeti hili lingenyamaza kama jambo lenyewe lingekuwa la nyumba moja moja. Lakini barua zinatufikia, na barua zikiwa nyingi juu ya jambo moja, jambo hilo si la nyumba tena, ni la Chama.

Mzee mmoja mkulima wa kahawa atuandikia kwamba aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili mwanawe akasome uhandisi ng'ambo. Kijana alirudi mwaka jana. Mzee asema mwili umefika lakini mwenyewe bado hajafika. Hutwa yumo chumbani, chakula akionja kidogo huondoka, salamu aitikia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tena akisema "kule kwetu" wazee hudhani anazungumza habari za kijiji, kumbe azungumza habari za mji wa chuo chake.

Juma lile lile tulipata barua ya binti mmoja aliyesomea udongo na mbolea. Miezi minane sasa anazunguka na bahasha yake ya vyeti. Ofisi hii yamwambia vyeti havijatambuliwa, ile yamwambia mkubwa yuko safarini, na mahali pamoja mwenye meza alicheka akamwuliza kama huko alikosoma wanaujua muhogo. Barua zote mbili zatoka wilaya moja. Yaani katika wilaya hiyo yuko mkulima ambaye shamba lake limechoka, na yuko mtaalamu wa mashamba yaliyochoka, na hawajapata kuonana.

Twaziamini barua zote mbili, wala hazipingani. Mzee analalamika kwamba msomi amewapa watu wake kisogo. Binti analalamika kwamba watu wake wamempa kisogo msomi. Gazeti hili lasema makosa yako pande zote mbili, ila mzigo mkubwa uko kwetu sisi tuliobaki nyumbani, na tutaeleza kwa nini.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya vijana wa siku hizi, vijana wa simu na miwani ya jua. Sivyo. Mwalimu Nyerere alirudi kutoka Edinburgh Oktoba 1952, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata shahada Uingereza. Hakukuta ofisi yenye zulia ikimngojea. Alikwenda kufundisha shule ya Pugu. Aprili 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Toka kurudi kwake mpaka kuzaliwa kwa TANU haikutimia miaka miwili. Hadithi hii twaisimulia kila siku, lakini twaisimulia nusu. Twasema: tazameni msomi yule, hakukaa barazani. Ni kweli. Lakini hatusemi kwamba alikuta watu. Alikuta chama ambacho mizizi yake ilikuwa imepandwa tangu 1929. Alikuta akina Abdulwahid Sykes, ambaye ndiye aliyekuwa akikiongoza chama kile Dar es Salaam, na wafanya biashara na makarani wa Kariakoo waliomfungulia mlango wa nyumba na mlango wa chama pia. Laiti watu wale wangalisema, huyu ni kijana wa Musoma, mwalimu wa misheni, hana alijualo la mjini, na hicho Kiingereza chake akawasomeshee watoto! Hatujui historia ingalikwenda njia gani. Twajua tu kwamba hawakusema hivyo. Walimkalisha, wakamsikiliza, wakamfundisha mji, kisha wakampa kazi.

Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na Mbiyu Koinange, aliyerudi kutoka Marekani mwaka 1938 na shahada ya Columbia. Mwaka 1939 akafungua chuo cha walimu Githunguri, nacho hakikujengwa na serikali. Kilijengwa na watu, kila rika likitoa fungu lake. Kenyatta aliporudi Septemba 1946 baada ya miaka kumi na mitano Ulaya, ni Githunguri hiyo hiyo iliyompa pa kusimama, na mwaka uliofuata akawa kiongozi wa KAU. Mkoloni alijua maana ya mahali pale, ndiyo sababu alipotangaza Hali ya Hatari mwaka 1952 alipafunga.

Si kila arudiye hurudi vizuri, hilo nalo tuliseme. Dakta Banda alishuka Nyasaland Julai 1958 baada ya miaka zaidi ya arobaini nje ya nchi yake. Aliwahutubia wananchi kwa Kiingereza, akawekewa mkalimani. Watu walimshangilia, maana walikuwa na haja naye. Lakini mtu asemaye na watu wake kwa mkalimani huzoea kutojibiwa, na Malawi iliyaonja hayo mpaka mwaka 1994.

Sasa turudi kwa yule kijana wa barazani. Watu humtazama wakaona kiburi. Pengine kiburi kipo. Lakini kuna jambo ambalo wasiosafiri hawalijui na waliosafiri hawalisemi. Mtoto akiwa masomoni ng'ambo, nyumbani humficha misiba. Babu amefariki, au shangazi aliyemlea, au rafiki wa utotoni, na jamaa hukaa wakakubaliana: tusimwambie, ana mitihani, nauli hana, atafanya nini huko peke yake? Wafanya hivyo kwa huruma, wala hatuwalaumu. Hata katika siku hizi za simu, ambapo habari ya arusi hufika China kabla ya bibi arusi kufika kwa mumewe, habari ya kifo bado hufichwa. Basi kijana anarudi na zawadi ya babu mfukoni, auliza babu yuko wapi, na watu wote hutazama chini. Siku ile nyumba nzima imefurahi kwa ajili yake, yeye aanza msiba ambao wenziwe waliumaliza zamani. Wao walikwisha kulia, wakafanya arobaini, wakagawana hata nguo za marehemu. Yeye alia upya, na hana wa kulia naye. Baada ya mwezi twasema, mbona amekuwa mkimya hivi? Amekuwa Mzungu huyu!

Wazee wetu wanajua taratibu za kumtoa mtu katika eda, za kumtoa kijana katika jando, za kumpokea aliyetoka kifungoni. Za kumpokea aliyetoka masomoni hatuna, kwa kuwa zamani watu kama hao hawakuwako. Basi tuziweke sasa. Kabla hajapelekwa mjini kutafuta kazi, kabla hajatakiwa kueleza theluji ikoje, apelekwe makaburini, aonyeshwe nani amelala wapi, aambiwe walikufaje na walisema nini juu yake. Apelekwe pia kwa waliozaliwa akiwa hayupo, awajue majina. Haya hayahitaji fedha ya serikali.

Halafu kuna deni. Hatusemi mkopo wa Bodi, ambao ukipata ajira hukatwa kwenye mshahara asilimia 15 na mambo yakaisha. Twasema deni la ukoo. Aliyechangiwa shilingi elfu kumi na mjomba mwaka ule wa kuondoka, mjomba ameihesabu. Binamu wanne wanangoja ada. Yeye mwenyewe hana hata nauli ya kwenda mjini, lakini hawezi kusema, kwani nani atamsadiki mtu aliyepanda ndege? Hivyo hujificha, na kujificha kwake huitwa majivuno. Jamaa wampe mwaka mmoja wa kupumua.

Kwa wasomi wenyewe tuna neno, nalo si la kupaka asali.

Wako wanaorudi wakidhani elimu ni ukoo wa kifalme. Wakisema nasi huchanganya lugha mbili katika sentensi moja, si kwa kukosa neno bali kwa kutaka tujue walikuwa wapi. Wakiona choo cha shimo hushika pua, na hali walilelewa nacho. Wazee wetu waliita hali hii kasumba, yaani ulevi wa kumwezesha mtu kuona vya kwao vyote ni vibaya bila ya kuvitazama. Kasumba haikuondoka na bendera ya Mwingereza tarehe 9 Desemba 1961. Miaka mitano tu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walitakiwa miezi mitano kambini na miezi 18 ya kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Kwa nchi ambayo Mwalimu alizoea kukumbusha kwamba ilianza Uhuru na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili, hilo halikuwa jambo la kuomba mno. Lakini walibeba mabango ya kwamba afadhali mkoloni. Karibu wanafunzi mia nne walirudishwa makwao, na Rais siku hiyo hiyo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurejea masomoni mwaka uliofuata.

Twaitaja habari hiyo kwa sababu watu huikumbuka kwa kuwacheka wanafunzi tu. Sisi twaikumbuka zaidi kwa ule mshahara uliokatwa. Kiongozi aliona kwamba hawezi kumwambia msomi ashuke kama yeye mwenyewe hajashuka. Leo wako wakubwa wanaowahubiria vijana waliorudi kwamba waende vijijini, na wao wenyewe wakiugua mafua hukimbilia hospitali za ng'ambo. Vijana si vipofu.

Jambo la lugha lataka maelezo zaidi, maana hapa msomi wa siku hizi ana taabu ambayo msomi wa zamani hakuwa nayo. Aliyesoma Makerere au Edinburgh alitoka na Kiingereza akarudi na Kiingereza. Aliyekwenda Urusi au China mara nyingi hutumia mwaka mzima kwanza akijifunza lugha ya huko, kisha miaka minne au mitano akisoma mitambo kwa lugha hiyo. Anarudi akiijua pampu vizuri sana, lakini kila sehemu ya pampu anaijua kwa jina la Kichina. Ripoti yatakiwa kwa Kiingereza. Mafundi wake wanasema Kiswahili, nao wana majina yao ya gereji ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kijana huyu akinyamaza kwenye mkutano si kwamba hajui. Anatafsiri mara mbili kichwani, na akimaliza, mkutano umeshahamia jambo jingine. Kisha mkubwa wake asema, hawa wa vyuo vya huko ni bure.

Dawa yake si kumcheka. Dawa ni akae na mafundi. Mwezi mmoja gereji utampa maneno ambayo miaka mitano ya chuo haikumpa, nao mafundi watapata kwake hesabu ambazo hawakuwa nazo. Na kwa wale waliosoma kwa Kiingereza wakadhani mambo makubwa hayasemeki kwa Kiswahili, twawakumbusha kwamba Mwalimu, katikati ya kazi zote za kuongoza nchi changa, alikaa akamtafsiri Shakespeare. Julius Caezar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kama mauaji ya mtawala wa Roma yalisemeka kwa Kiswahili, basi na ugonjwa wa minazi wasemeka.

Lakini kuna mahali ambapo msomi ana haki kabisa na sisi hatuna. Ni saa. Kijana amekaa nchi ambako garimoshi likiandikwa saa mbili na dakika nne huondoka saa mbili na dakika nne. Anarudi, aitwa mkutano wa saa nne asubuhi, afika saa nne kasorobo, akuta mlinzi na mbuzi. Mkutano waanza saa sita na nusu. Akiuliza, aambiwa asituletee Uzungu. Nani alisema kwamba kuchelewa ni mila ya Mwafrika? Mkulima wa mpunga hachelewi mvua. Mvuvi hachelewi maji kupwa. Adhana haichelewi, na kengele ya kanisa haichelewi. Wanaochelewa ni wenye ofisi na, tuseme kweli, wenye mikutano ya Chama. Katika hili msomi asibadilike hata kidogo. Tubadilike sisi.

Twafika sasa kwenye ofisi. Hatupingi sheria. Shahada ya ng'ambo lazima ipelekwe TCU ikatambuliwe, maana vyuo vya uongo viko duniani na watu wa uongo wako. Daktari lazima afanye mwaka wa mazoezi, mwanasheria lazima apite mafunzo ya uanasheria kwa vitendo ndipo awe wakili, mhandisi lazima asajiliwe. Haya yote ni ya kulinda wananchi. Tunachokipinga ni kile kisichoandikwa katika sheria yoyote. Kwanza ni ule uchafu wa kupanga vyeti kwa nchi, kwamba cha Uingereza ni dhahabu, cha India ni shaba na cha Urusi ni bati. Nani aliyetufundisha mizani hiyo? Mwaka 1959 Tom Mboya alipopeleka kundi la kwanza la wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, na kufikia 1963 wakawa wapata mia nane kutoka Kenya na nchi jirani, watawala wa Kiingereza walizidharau digrii za Marekani na kuziita hafifu. Vijana hao hao ndio waliokuja kushika ofisi, hospitali na vyuo vya Kenya huru. Dharau ile ya mkoloni tumeirithi, tumebadili majina ya nchi tu.

Pili ni hofu. Mkubwa wa ofisi aliyekaa miaka ishirini na kalamu yake aona kijana anakuja na maarifa mapya, naye huhesabu: huyu akikaa hapa, mimi nitakaa wapi? Basi faili hupotea. Wangari Maathai aliyekwenda Marekani mwaka 1960 alirudi Nairobi mwaka 1966 akiwa na barua ya kuahidiwa kazi ya utafiti chuoni. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mwingine. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliona mambo mawili yaliyomfungia mlango: kabila lake, na kwamba ni mwanamke. Akapata kazi katika idara nyingine ya chuo hicho hicho, mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, na mwaka 2004 dunia ikampa tuzo ya Nobel ya amani. Watu husimulia mwisho wake kwa fahari. Sisi twauliza: ni akina Wangari wangapi ambao hawakupata idara nyingine? Binti wetu wa udongo, kwa mfano, aliulizwa mara mbili ni mtu wa wapi na mara tatu kama ameolewa. Hakuulizwa hata mara moja juu ya udongo.

Wakati wa Uhuru, nchi hii ilikuwa na njaa ya wasomi hata TANU ikatoa jengo lake lenyewe la Mtaa wa Lumumba, lililojengwa kwa michango ya wanachama, ili Chuo Kikuu kianze humo Oktoba 1961, na wanafunzi wa sheria wasiofika hata ishirini. Chama kiliwapisha wasomi katika nyumba yake. Leo wasomi ni wengi, na kwa kuwa ni wengi tumeanza kuwaona kama mzigo. Lakini wingi wao haujaufikia uhitaji wa vijijini. Nenda zahanati yoyote iliyo mbali na lami ukaulize.

Juu ya wale wasiorudi kabisa hatutasema mengi. Wengine wana sababu za haki, na fedha wanazotuma zinasomesha wadogo zao. Ila kila mmoja wao ana rafiki aliyerudi, na huyo rafiki humwandikia. Akimwandikia kwamba alizungushwa mwaka mzima na bahasha, hiyo barua moja yatosha kuwazuia kumi.

Kwa hiyo twayaambia matawi ya Chama, kila mahali gazeti hili lifikapo. Katibu wa tawi afungue daftari. Aandike humo kila kijana wa eneo lake aliyerudi kutoka masomoni nje katika miaka mitatu hii: jina, alichosoma, mahali aliposoma, lugha aliyosomea, na anafanya nini sasa. Kama hafanyi kitu, tawi limwite, si kwa kumhoji bali kwa kumkutanisha na watu wanaokihitaji anachokijua, awe fundi, mkulima, mwalimu mkuu au mganga wa zahanati. Kama karatasi zake zimekwama mahali, tawi liandike ofisi ile kwa heshima na kuuliza sababu, na lisipojibiwa katika siku thelathini lituletee sisi nakala ya barua hiyo, tutaichapa. Na kama kijana ni wa kushika pua, wazee wakae naye chini ya mwembe na kumwambia, kama walivyokuwa wakituambia sisi.

Madaftari yafike wilayani kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kila wilaya iitishe mkutano mmoja wa vijana hao na wazee wao, saa nne asubuhi, na mwenyekiti awe ameketi kitini saa nne kasorobo.